«UMESIKIA?» GINSI PILOTI NA MNARA WANAKOSA KUSIKILIZANA



Kisha lile somo la mawimbi ya radio katika darasa la sita, maulizo yalitoka darasani yakaingia mpaka katika internati. Wadogo wa darasa la pili nao wakauliza: piloti yuko na radio, mtu wa mnara yuko na radio, wote wawili wamejifunza kazi yao vizuri, basi namna gani wanaweza kukosa kusikilizana mpaka ndege mbili nzima zinagongana? Ulizo ni zuri. Mwenye kusimamia gazeti letu aliniomba nilijibu kwa maandishi, kwa sababu kulijibu kila jioni mlangoni mwa chumba cha kulala kunachelewesha taa, na kuzima taa ni kazi yangu.

Tuanze na neno letu wenyewe. Mkubwa akikutuma, anamaliza kwa kuuliza: «Umesikia?» Nawe unajibu: «Nimesikia.» Neno hilo moja liko na maana tatu. Linaweza kusema: sauti yako imefika kwa masikio yangu. Linaweza kusema: nimeelewa. Tena linaweza kusema: ninakubali, nitafanya. Nyumbani hakuna shida, mama anatazama uso wako na kujua ni ipi kati ya zile tatu umempa. Lakini piloti na mtu wa mnara hawaonani uso. Wanaunganishwa na sauti tu, na sauti yenyewe inapita katika makelele.

Kwa hiyo watu wa kazi ya ndege walilikata neno hilo vipande. «Roger» ni kusema: nimepokea maneno yako yote. Basi, ni hivyo tu. Haina maana ya ndiyo, haina maana ya ruhusa. Zamani, katika alfabeti ya radio ya Waingereza na Waamerika, herufi R iliitwa Roger, na R ilisimama pahali pa neno lao la «kimepokewa». «Wilco» ni kusema: nimeelewa na nitafanya. «Affirm» ndiyo «ndiyo» yenyewe. Hawasemi «affirmative» nzima, kwa sababu «affirmative» na «negative» zina mkia mmoja, na radio ikimeza kichwa cha neno, unabaki na mkia usiojua ni wa nyama gani. Wale wanaopenda filme wamezoea kusikia «Roger» kwa kila kitu. Piloti anayeulizwa kama angali juu ya pisti, naye akajibu «Roger», hajajibu kitu.

Sasa radio yenyewe. Wengi wetu tumekwisha kusimama karibu na fonie ya misioni, wakati wanauliza kama mvua imenyesha huko na kama pisti ya majani imekauka, mbele ya ndege ndogo kuja. Mmeona: unafinya kifungo, unasema, unaachilia, unasikiliza. Huwezi kusema na kusikiliza saa moja. Radio ya ndege kubwa ni vilevile. Inatumia mawimbi mengine, kati ya megahertz 118 na 137, lakini sheria ya kifungo ni ile ile. Ndege zote zilizo chini ya mtu mmoja wa mnara zinatumia njia moja ya radio. Ni vizuri, kwa sababu kila piloti anasikia wengine wanaambiwa nini, na anaweza kuchora kichwani nani yuko wapi. Ni vibaya, kwa sababu wawili wakifinya kifungo pamoja, mawimbi yao yanapigana, na mwenye kusikiliza anapata mluzi tu. Na wale wawili waliosema hawajui kama wamefunikana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amefinya kifungo chake.

Dawa ya kwanza ya shida hii ni kurudilia. Mtu wa mnara akisema: shuka mpaka futi 6000, piloti hajibu «nimesikia». Anarudilia maneno yenyewe: ninashuka mpaka futi 6000, na jina la ndege yake. Kisha mtu wa mnara yuko na deni la kusikiliza ile rudilio, na kama iko na kosa, kuikata mara moja. Hivi ujumbe unakuwa na miguu mitatu: amri, rudilio, na sikio la mwenye amri. Ule mguu wa tatu ndio unavunjika mara nyingi, maana mtu anayerudiliwa maneno yake mwenyewe anasikia yale aliyoyasema, si yale yanayosemwa. Ni sawa na dictée: unasoma tena karatasi yako mara tano, kosa liko pale pale, macho yanapita juu yake kwa sababu kichwa kinajua neno lilipaswa kuandikwa namna gani.

Dawa ya pili ni alfabeti. B, D, P, T kwa radio mbaya ni sauti moja. Kwa hiyo kila herufi ikapewa jina refu: Alfa, Bravo, Charlie, Delta, mpaka Zulu. Alfabeti hii ilianza kutumika dunia yote mwaka 1956, kisha kujaribiwa kwa masikio ya wasemaji wa Kiingereza, Kifaransa na Kispania. Angalieni namna inavyoandikwa: Alfa kwa f, si ph, ili kila mtu aisome sawasawa, tena Juliett kwa t mbili, kwa kuwa Mfaransa akiona t moja mwishoni angeiacha bila kuitamka. Walimu wetu wa Kifaransa watafurahi kwamba kuna watu waliofikiri juu ya jambo hilo! Hesabu nazo: kwa Kiingereza tisa inaitwa «niner», ili isichanganyike na «five», na kwa Kifaransa cha radio moja haiitwi «un», inaitwa «unité». Hata kilio cha hatari, «Mayday», ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kiingereza: «m'aidez». Mtu wa radio wa uwanja wa Croydon, karibu na London, aliyeitwa Frederick Mockford, ndiye alikichagua katika miaka ya 1920, kwa sababu ndege nyingi za pale zilikwenda na kutoka Paris, na neno lilipaswa kusikiwa pande zote mbili. Linasemwa mara tatu.

Mtu atasema: ikiwa dawa ziko, basi ugonjwa umekwisha. Hapana. Nitaeleza tukio moja kwa urefu, lililo kubwa kuliko yote, kwa sababu pale hakuna mtu aliyekuwa mjinga na hakuna radio iliyoharibika.

Ilikuwa tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife. Kisiwa hiki ni cha Uispania, lakini kiko karibu na pwani ya Afrika, upande wa Maroko. Siku ile bomu ilipasuka katika uwanja wa ndege wa kisiwa jirani, Gran Canaria, na ndege zilizokuwa zinakwenda kule zikatumwa kutua kwa uwanja mdogo wa Los Rodeos, pale Tenerife. Kati yazo kulikuwa Boeing 747 mbili: moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani. Uwanja ulijaa. Ndege zilisimama hata juu ya njia ya kando inayotumiwa kwa kufikia mwanzo wa pisti. Kwa hiyo kila ndege iliyotaka kuruka ilipaswa kutembea juu ya pisti yenyewe mpaka mwisho, na pale kugeuka.

Kapteni wa KLM aliitwa Jacob Veldhuyzen van Zanten. Alikuwa mkubwa wa kufundisha mapiloti wa 747 katika kampuni yake. Alikuwa pia na haraka: sheria mpya ya Uholanzi ilihesabu saa za kazi za mapiloti kwa ukali, na kama angechelewa zaidi, abiria wote wangelala pale. Wakati wa kungoja alijaza mafuta, litri 55 500. Ile ya Pan Am ilikuwa nyuma yake na haikuweza kupita, ikangoja amalize. Kisha ukungu ukashuka toka mlima. Mtu wa mnara hakuona pisti. Mapiloti hawakuonana. Uwanja haukuwa na radar ya kuonyesha ndege zilizo chini. Tangu saa ile, pisti yote ilikuwa katika masikio tu.

KLM ikatembea mpaka mwisho na kugeuka. Pan Am ikafuata nyuma juu ya pisti ile ile, na ikaambiwa itoke kwa njia ya tatu, mkono wa kushoto. Hata hapo walikuwa na shaka: ni ya kwanza ao ya tatu? Mtu wa mnara, Mhispania, akahesabu kwa Kiingereza: moja, mbili, tatu, ya tatu. Lakini njia ya tatu ilikuwa na kona ya kurudi nyuma, ngumu kwa ndege kubwa vile, na katika ukungu Waamerika wakaipita wakienda kwa ya nne. Bado walikuwa juu ya pisti.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa kuna ruhusa mbili. Kuna ruhusa ya njia: ukiisha kuruka, utapita wapi na utapanda mpaka wapi. Na kuna ruhusa ya kuruka yenyewe. Ni vitu viwili. KLM ilipofika mwisho na kugeuka, kapteni alianza kusukuma mashine. Kopiloti akamzuia, akasema ruhusa ya njia hawajaipata. Kapteni akajibu kwamba anajua, aiombe. Kopiloti akaomba. Mtu wa mnara akatoa ruhusa ya njia, na ndani yake lilikuwamo neno «take-off», kuruka, kwa kuwa alisema: kisha kuruka, pinda kuume. Kopiloti akarudilia vizuri yote aliyoambiwa, halafu mwishoni akaongeza maneno machache kwa Kiingereza: «we are now at take-off».

Maneno haya ni nini? Kwa kinywa cha Mholanzi, tunaweza kufikiri yalikuwa na maana: sasa tuko katika kuruka, tumeanza. Kwa sikio la Mhispania, yalikuwa na maana: sasa tuko pahali pa kurukia, tunangoja. Hata Mwingereza angesita. Nasi tuna mitego yetu: Kifaransa «tout à l'heure» inaweza kuwa dakika chache zilizopita ao dakika chache zinazokuja, Kilingala «lobi» ni jana na ni kesho. Katika maongezi, neno la mbele na la nyuma linatusaidia kujua. Pale hapakuwa na neno la nyuma la kusaidia.

Mtu wa mnara akajibu «OK», akakaa kimya kama sekunde mbili, kisha akaendelea: ngojeni kwa kuruka, nitawaita. Katika saa ile ile Waamerika, walioshtuka kusikia maneno ya KLM, wakafinya kifungo na kusema kwamba wao bado wanatembea juu ya pisti. Sauti mbili zikapigana. Katika KLM kulisikiwa «OK», na kisha mluzi wa sekunde tatu ao nne. Sentensi mbili zilizoweza kuokoa watu wote, kila moja peke yake, zikazimana.

Hata hivi bado kulibaki mlango mmoja wazi. Mara tu baada ya mluzi, mtu wa mnara aliwaambia Waamerika watoe habari wakiisha kutoka katika pisti, nao wakajibu kwamba watasema. Maneno hayo yalisikiwa wazi ndani ya KLM. Lakini mara ile mtu wa mnara aliita ndege ya Pan Am «Papa Alpha», si «Clipper» kama alivyoiita mbele. Katika KLM, ndege ilikuwa tayari inakimbia. Mmoja tu alitega sikio: fundi wa mashine, aliyekaa nyuma ya wale wawili. Akauliza kama yule Pan American hajatoka. Kapteni akajibu kwa nguvu kwamba ametoka. Fundi akanyamaza. Kopiloti, aliyekwisha kumzuia mkubwa wake mara moja dakika ile, hakumzuia mara ya pili.

Ilikuwa saa 17 na dakika 6. Waamerika waliona taa zikija katika ukungu na wakajaribu kugeuza ndege kwenda majanini. Mholanzi alivuta pua ya ndege juu mpaka mkia ukakwaruza chini, lakini tumbo la ndege, zito kwa mafuta yale, halikupita. Katika KLM watu wote 248 walikufa. Katika Pan Am walikuwa watu 396, na 61 waliokoka. Jumla ya waliokufa ni 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko ile.

Wahispania waliochunguza waliweka uzito zaidi juu ya kapteni aliyeruka bila ruhusa. Waholanzi waliweka uzito zaidi juu ya maneno yenye maana mbili, kwa pande zote. Mimi ninaona wote walishika nguo moja kwa ncha mbili. Kapteni hakudanganya na hakutaka kufa. Alikuwa ameomba, alikuwa amepewa maneno marefu yenye «take-off» ndani, alikuwa amesikia «OK». Alisikia kitu alichokuwa anakingoja. Lakini fundi alisikia jambo lingine kwa radio ile ile, kwa sababu hakuwa na haraka ile, na sikio lake lilikuwa huru.

Kisha Tenerife sheria ikabadilika. Leo neno «take-off» linatamkwa mara mbili tu: wakati mtu wa mnara anatoa ruhusa yenyewe ya kuruka, na wakati anaiondoa. Saa nyingine zote wanasema «departure», kuondoka. Tena «OK» haikubaliwi kuwa jibu. Na kwa habari ya fundi aliyenyamaza, kampuni za ndege zilianza kufundisha wakubwa kusikiliza na wadogo kusema wazi. United Airlines ya Marekani ilianza mafundisho hayo mwaka 1981, na wengine wakafuata. Wadogo wanafundishwa wasiulize kwa kuzungukazunguka. Wanafundishwa kusema: «Kapteni, ile ndege bado iko juu ya pisti, simamisha.» Kwetu, ambapo mtoto anafundishwa tangu mdogo asimkate mkubwa neno, somo hilo si jepesi. Lakini hata Waholanzi na Waamerika iliwapasa kufundishwa darasani, kwa hiyo tusifikiri ni ugonjwa wa Kiafrika.

Kuna makosa mengine madogo kwa macho. Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo Boeing 747 ya kampuni Flying Tiger ilikuwa inashuka kwenda Kuala Lumpur, Malaysia. Mtu wa mnara alitaka ishuke mpaka futi 2400. Akasema kwa Kiingereza: shuka «two four zero zero». Lakini «two», mbili, na «to», mpaka, ni sauti moja. Mapiloti wakasikia: shuka mpaka «four zero zero», futi 400, nao wakarudilia hivyo: «four zero zero». Kosa lilikuwa wazi ndani ya rudilio. Mtu wa mnara hakulikata. Ndege ikagonga kilima chenye kimo cha futi 437, na wote wanne waliokuwamo wakafa. Mguu wa tatu, niliosema juu, ndio huo.

Mwingine ni wa aina tofauti, na ndio ulionigusa zaidi. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya Avianca ilitoka Kolombia kwenda New York. Hewa ilikuwa mbaya, na ndege ikawekwa kuzunguka mara tatu pahali mbalimbali, jumla dakika 77. Mafuta yakapunguka. Kapteni hakusema kwa radio, alimwachia kopiloti kwa sababu yeye ndiye alisema Kiingereza. Kopiloti akaambia watu wa chini kwamba wanahitaji «priority». Kwa sikio letu la Kifaransa, «priorité» ni neno kubwa: nipishe, mimi kwanza. Hata kwa Kispania watu wamesema lina uzito hivyo. Kwa watu wa mnara wa New York halikuwa neno la hatari. Neno la hatari ni «emergency» ao «Mayday», na ukilisema, uwanja wote unakufungukia. Tena mtu wa kwanza alipowapasha kwa mwenzake, hakupitisha maneno yote ya mafuta.

Walijaribu kutua, upepo ukawakatalia, wakapanda tena. Kapteni akamwambia kopiloti, kwa Kispania, awaambie tuko katika hatari. Kopiloti akafinya kifungo, akarudilia upande wa kwenda, akasema watajaribu tena, na mwishoni kabisa, kwa sauti ya kawaida, kwamba mafuta yanaisha. Mtu wa chini akajibu «OK». Kapteni akauliza kama amewaambia. Akajibu kwamba ndiyo, amewaambia. Na kweli, alikuwa amesema kitu! Dakika chache mbele mashine zikazimika, ndege ikaanguka kwa kilima cha Cove Neck, Long Island. Katika watu 158, 73 walikufa. Haikuwaka moto, kwa sababu hakukuwa na mafuta ya kuwaka.

Ninasema ulinigusa kwa kuwa ile sauti ya kawaida ninaifahamu. Ni sauti ya mtu mwenye adabu, anayesema kwa lugha isiyo yake mbele ya watu wenye mamlaka, anayeogopa kuonekana anapiga kelele bure. Tunaisikia kila siku hapa. Mwanafunzi yuko na malaria tangu usiku, anakuja kwa mwalimu na kusema: «Monsieur, je me sens un peu mal.» Mwalimu anasikia «un peu», anamwambia arudi akae. Leo katika ndege kuna maneno mawili yaliyowekwa juu ya mafuta, na kila moja liko na kipimo chake: «minimum fuel» ni kusema sitaweza kucheleweshwa tena, na «Mayday fuel» ni kusema mafuta yangu yamepita chini ya mpaka. Hayategemei sauti ya mtu ao adabu yake.

Inabaki habari ya lugha. Sheria ya dunia inakubali piloti na mnara waseme kwa lugha inayotumiwa na watu wa chini, ao kwa Kiingereza. Kwa hiyo hapa Kongo piloti anaweza kusema Kifaransa na mnara, na mgeni akasema Kiingereza, saa moja, kwa njia moja ya radio. Sisi tunaona ni haki yetu, na Wafaransa wanaona vilevile. Lakini angalieni usiku wa tarehe 25 Mei 2000, uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Ndege ya Air Liberté yenye abiria ilipewa ruhusa ya kuruka kwa Kifaransa. Ndege ndogo ya mizigo ya Waingereza, aina ya Shorts 330, iliambiwa kwa Kiingereza iingie katika pisti ile ile na kungoja, ni ya pili. Mtu wa mnara alifikiri Waingereza wako nyuma ya ile kubwa, kwenye mwanzo wa pisti. Kumbe walikuwa mbele, kwa njia ya katikati. Kama ruhusa ya kwanza ingekuwa kwa Kiingereza, wangesikia kwamba kuna ndege inakuja toka nyuma yao. Walisikia Kifaransa, ni kusema kwao walisikia makelele. Bawa la ile kubwa likakata chumba cha mapiloti cha ile ndogo, na mmoja wao akafa.

Toka 2008 piloti na mtu wa mnara wa safari za kimataifa anapaswa kupimwa Kiingereza chake na kufikia daraja la nne kati ya sita. Nchi zilizochelewa zilipewa mpaka 2011. Juu ya bahari na pahali pengine amri nyingi zinakwenda kwa maandishi, piloti anazisoma kama telegramu na kujibu kwa kifungo. Hii inaondoa «two» na «to», inaondoa mluzi. Lakini inaondoa pia yale masikio mengine: piloti wa ndege ya jirani hasomi telegramu yako, hawezi kushtuka na kusema, jamani, sisi bado tuko juu ya pisti. Mwalimu wa fizikia anaona maandishi yatashinda. Mimi sijashawishika. Tutabishana tena siku ya mukutano wa klabu.

Alfabeti nzima, toka Alfa mpaka Zulu, pamoja na hesabu kwa Kifaransa na Kiingereza cha radio, nimeinakili kwa karatasi kubwa na kuibandika kwa ubao wa matangazo, karibu na mlango wa refectoire. Wadogo wa darasa la pili, msiing'oe.

Mkuu wa wanafunzi, darasa la sita